Magauni ya wapambe: kitambaa kimoja, mishono tofauti

Magauni mengi ya wapambe huharibika kabla fundi hajashika mkasi. Huharibika pale picha moja inapotumwa kwenye kundi la WhatsApp na wasichana watano wanaambiwa washone vilevile. Gauni la kwenye picha lilikatwa kwa mwili wa mtu mmoja. Kati ya hao watano yupo mwenye kifua kikubwa na nyonga ndogo, yupo mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, yupo mfupi, na mara nyingi yupo mjamzito. Mshono mmoja hauwezi kuwakaa wote, na pesa inayotumika kulazimisha hilo ni pesa iliyopotea.

Msimamo wangu ni huu: rangi iwe moja, kitambaa kiwe kimoja, urefu uwe mmoja, lakini sehemu ya juu kila mmoja ashone ya kwake. Kwenye picha bado wataonekana kundi moja, kwa sababu jicho hushika kwanza rangi na mstari wa pindo, halafu ndipo lione shingo na mikono. Tena gauni lililomkaa mtu atalivaa kwenye send-off ya mwingine, ubatizo au sherehe ya kazini. Lile lililomlazimu kuvuta kifua usiku kucha halitoki tena kabatini.

Kwenye kitambaa ndiko bajeti hupona au hufia. Satini nyembamba huvutia kwa bei, lakini ina gharama zake. Inang'aa, kwa hiyo mwanga wa kamera hutua palepale kwenye tumbo na mapaja. Inaonyesha mistari ya nguo za ndani, na jasho la kwapani huacha doa linaloonekana hadi viti vya nyuma. Baya zaidi, ukifumua mshono matundu ya sindano hubaki, kwa hiyo gauni likibana huwezi kuliachia bila kuacha alama. Kama bibi harusi anataka satini na hataki kusikia lingine, nunua ile nzito ambayo upande wa nyuma haung'ai, kisha mwambie fundi ashone upande huo ukiwa nje. Rangi ni ileile, mng'ao unatulia, na gauni linaonekana la bei kubwa kuliko lilivyo.

Mimi huanza na krepu nzito yenye mvutano kidogo. Inalala vizuri mwilini, haikunjamani sana ukikaa kwenye gari, na haihitaji bitana nzito. Shifoni ni nzuri kwenye upepo wa bustani, ila inahitaji bitana mwili mzima na kingo zake lazima zifungwe ndani ya mshono, la sivyo zinachanika nyuzi. Kazi hiyo inamla fundi muda, na muda wake utauona kwenye bei. Lesi itumieni juu tu. Kipande cha yadi 5 kinatosha sehemu za juu nne zenye mikono ya kufika kiwikoni, na sketi zote zinakuwa krepu ya rangi hiyohiyo. Kitenge nacho kinafaa, hasa mtu akipata muda wa kuzunguka Mtaa wa Uhuru pale Dar es Salaam. Kumbuka tu kwamba upana wake ni kama sentimita 115, na maua makubwa huhitaji kitambaa cha ziada ili yakutane kwenye mshono. Kitenge cha pamba kiloweke, kikauke, kipigwe pasi kabla ya kukatwa, kwa sababu kikirudi baada ya kushonwa, kitarudi na gauni lenyewe.

Sasa hesabu. Gauni refu lenye kupanuka kidogo kuelekea chini, kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, linataka mita 3 kwa mwembamba wa kimo cha kawaida na mita 3.5 kwa mrefu au mnene. Kwa kitambaa cha sentimita 115 weka mita 4.5 hadi 5. Bitana mita 2.5. Kabla hujalipa, uliza kama duka linapima kwa mita au kwa yadi. Yadi ni sentimita 91 na kidogo. Ukipiga hesabu ya watu watano kwa mita 3.5 unapata 17.5. Ukipimiwa yadi 17.5 utaondoka na mita 16, na mpambe wa tano atakosa nusu ya sketi. Nunueni vyote siku moja, kutoka jora moja. Majora mawili ya rangi yenye jina lilelile yanaweza kupishana kidogo, na tofauti usiyoiona dukani hujitokeza kwenye picha pale wanaposimama bega kwa bega.

Vipimo vichukuliwe vyote kwa sentimita, mtu akiwa amevaa sidiria na vazi la kubana mwili atakalovaa siku yenyewe. Kifua, kiuno, na nyonga kwenye sehemu yake pana zaidi, ambayo kwa wengi iko kama sentimita 20 chini ya kiuno. Vipimo vinavyosahaulika ni viwili: kutoka begani kupita juu ya chuchu hadi kiunoni, na mzunguko wa mkono wa juu. Cha kwanza kikikosekana, gauni la mwenye kifua kikubwa hupanda mbele na kiuno hukaa kwenye mbavu. Cha pili kikikosekana, hawezi kuinua mikono kucheza. Urefu upimwe kutoka kiunoni hadi sakafuni akiwa amevaa viatu vya siku hiyo, kisha upunguze sentimita 2 mbele asikanyage. Mpambe aliyeko Mwanza au Muscat apimwe na fundi wa huko na atume picha ya vipimo vilivyoandikwa. Akijipima mwenyewe mbele ya kioo, futi kamba huteremka mgongoni.

Kwa kitambaa kisichovutika, gauni lizidi mwili kwa sentimita 5 kifuani, 2 hadi 3 kiunoni, na 4 hadi 5 kwenye nyonga. Bitana isikatwe ndogo kuliko gauni. Fundi mwenye haraka hubana hapo, na wa kwanza kukaa kitini ndiye wa kwanza kusikia mchano. Mwambie fundi aache akiba ya sentimita 2.5 kila upande wa mbavu na sentimita 5 kwenye pindo. Kitambaa hicho cha ziada ndicho kinachookoa gauni mtu akinenepa kati ya kupimwa na harusi.

Mishono yenyewe ifuate mwili. Mwenye kifua kikubwa apewe shingo ya V na mikanda ya bega isiyopungua sentimita 4, ili sidiria ya kweli ikae chini yake. Mishono miwili mirefu inayotoka kwapani kupita katikati ya kila titi hadi kwenye nyonga humkaa kuliko mkunjo mmoja wa kubana ubavuni. Gauni lisilo na mikono wala mikanda mwache wa kifua kidogo alivae. Mwenye nyonga pana, sketi ishuke wima kuanzia pale palipo pana zaidi, isimfuate tena kuingia mapajani. Akitaka ya kubana, weka mpasuo unaoanza juu kidogo ya goti, maana lazima apande gari. Tumbo hutulia likifunikwa na mikunjo laini inayovutwa upande mmoja wa ubavu. Mfupi ainuliwe kiuno sentimita 3, basi miguu inarefuka. Gauni la mjamzito kiuno chake kikatwe chini ya matiti, na pindo la mbele liachwe refu kuliko la nyuma kwa sentimita 5 hadi 8, kwa sababu tumbo hulivuta juu. Pindo lake lishonwe wiki ya mwisho.

Bajeti ikiwa ndogo kabisa, upo mtindo wa gauni la mviringo lenye mikanda miwili mirefu ya kufungwa mtu atakavyo. Linashonwa kwa jezi, yaani kitambaa cha kufumwa kama cha fulana, yenye mvutano. Kwa kiuno cha sentimita 75 na urefu wa 105, nusu duara mbili za sketi zinatoka kwenye mita 4.7 za upana wa 150, na pembeni kinabaki kipande chembamba cha upana wa kama sentimita 33. Chukua mita 5, na hilo baki linatoa mikanda miwili ya mita 2.5 kila mmoja. Jezi haichanuki nyuzi, kwa hiyo hata pindo si lazima. Kasoro yake ni kwamba mikanda hulegea kadiri usiku unavyokwenda, na mwenye kifua kikubwa anahitaji kitopu cha kubana ndani.

Kuhusu rangi, ngozi zetu hupendeza sana kwenye kijani cha zumaridi, damu ya mzee, haradali, bluu iliyokolea na rangi ya udongo uliochomwa. Rangi ya ngozi na krimu iliyofifia huwa hatari, kwani kwa yule inayokaribiana na ngozi yake gauni hupotea kwenye picha. Na ulizeni taa za ukumbi. Chini ya taa za bluu, nyekundu na damu ya mzee huonekana karibu nyeusi. Beba kipande cha kitambaa, kipige picha nje mchana na ndani ya ukumbi taa zikiwaka, ndipo mnunue.

Kitambaa kinunuliwe wiki 8 kabla, na 10 kama harusi ni Desemba, maana mafundi hulemewa. Jaribio la kwanza liwe wiki ya nne kabla, gauni likiwa limepigwa bandi tu, bila zipu. La mwisho siku 10 kabla. Hapo mtu akae, ainame, ainue mikono, apande ngazi. Zipu ya kuficha hukwama pale mishono inapokutana kiunoni. Kama kitambaa ni kinene hapo, weka zipu ya kawaida au kamba za kufunga mgongoni, zinazoruhusu mwili kubadilika.

Ukinunua la mitumba, soko la Karume pale Dar es Salaam au Gikomba pale Nairobi, angalia kwapa, zipu na pindo mbele ya mwanga wa jua, na usiamini namba ya saizi. Magauni ya harusi ya Marekani hukatwa madogo kuliko nguo za kawaida zenye namba hiyohiyo. Pima kwa futi kamba. Kubwa hupunguzwa, lakini dogo lisilo na akiba ndani ya mshono liache palepale.

Pasi ipigwe kwa upande wa ndani, joto la chini, kitambaa chembamba cha pamba kikiwa katikati. Satini na krepu za poliesta zikipata pasi ya moto hung'aa mahali palipoungua, na mng'ao huo hautoki.