Jinsi nilivyoanza kuufuata mhadhara wa Kiingereza

Mwaka wa kwanza chuoni nilisoma vitabu vya Kiingereza bila shida, lakini mihadhara ilinipita. Chanzo kilikuwa matamshi: Kiswahili hutamka kila silabi wazi, mkazo kwa kawaida ukiwa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza humeza silabi zisizo na mkazo.

Dawa ikawa imla, zoezi ambalo wengi wanalidharau bure. Nilichukua vipindi vya dakika 6 vya BBC Learning English, ambavyo huja na maandishi yake. Nilisikiliza sentensi, nikasimamisha, nikaandika nilichosikia, kisha nikalinganisha. Yaliyopotea yalikuwa maneno madogo, hasa vihusishi. Niliyapigia mstari, nikarudia sentensi kwa sauti pamoja na mtangazaji. Muhula wa pili niliandika notsi huku mhadhiri akiendelea kuzungumza.