Chupa Isiyo na Lebo

Kabati la mwisho kwenye maabara yetu ya kemia, Lubumbashi, halikuwa likifunguliwa ovyo. Siku mama asistenti alipolifungua ili apunguze vitu vya zamani, alitoa chupa ya mfuniko wa kioo ambayo lebo yake ilikuwa imeliwa na mvuke wa asidi. Ndani mlikuwa na kimiminika kisicho na rangi.

"Somo la leo ndilo hili," akasema. "Mtaniambia ni nini."

Mwenzetu mmoja akadondosha matone machache kwenye maji. Papo hapo yakawa meupe pe. Tulipoongeza asidi hidrokloriki, weupe ukatoweka. Nusu ya darasa ikapiga kelele: bismuti! Jina hilo kila mtu alilijua, maana katika mji huu ulioanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, metali hiyo ni adui: ikibaki kidogo tu ndani ya shaba, shaba inakuwa dhaifu na kupasuka. Na kweli maji huivunja kloridi ya bismuti, ikatua oksikloridi nyeupe. Ila antimoni, jirani yake wa juu kwenye jedwali la elementi, hufanya vilevile.

Basi tukaweka neli mbili: moja ya chupa yetu, moja ya bismuti tuliyoijua. "Fungueni madirisha yote," akasema, na gesi ya haidrojeni salfaidi ikaanza kupita, mayai viza matupu. Neli ya bismuti ikajaa mashapo ya kahawia, karibu meusi. Yetu ikatoa rangi ya mawese. Nimeona rangi nyingi maabara, hiyo bado sijapata mfano wake. Aseniki, jirani wa juu wa antimoni, ingetoa manjano, kwa hiyo nayo ikaondoka kwenye hesabu.

Kelele zikazimika, lakini mama asistenti hakuridhika na rangi. Akanigeukia: "Papa, weka potasi kali kwenye zote mbili."

Nikaweka alkali hiyo, nikatikisa. Mashapo ya kahawia yalikaa vilevile chini ya neli. Yale ya mawese yakayeyuka yote, na nilipotia asidi polepole yakarudi, rangi ileile. Tulikuwa tumekariri kwamba katika kundi la naitrojeni, safu ya jedwali yenye aseniki, antimoni na bismuti, tabia ya metali huongezeka kadiri unavyoshuka, tukaiandika kwenye mitihani bila kuitazama. Sasa ilikuwa mkononi: antimoni inakaa katikati, inapatana na asidi na inapatana na alkali, bismuti iliyo chini yake imeshakuwa metali, alkali haiigusi.

Mashapo kidogo tuliyakausha na kuyapasha moto ndani ya neli, yakawa meusi. Hakuna kilichoongezwa wala kupungua. Ni salfaidi ileile ya antimoni, yaani antimoni iliyoungana na salfa, chembe zake zimejipanga tu kama zilivyo kwenye stibiniti, jiwe ambalo watu wa kale walilisaga wakalifanya wanja.

Taka zote akazidai kwenye chombo chake, hata tone moja lisiingie sinki, kwa kuwa antimoni ni sumu. Hapo ndipo nikamuuliza: mama, bismuti ni nzito zaidi na iko chini ya aseniki na antimoni, mbona watu wanaimeza kama dawa ya tumbo?

"Kwa sababu chumvi zake haziyeyuki vizuri," akajibu, akiandika lebo mpya. "Nyingi inapita tumboni na kutoka bila kuingia kwenye damu. Aseniki haina huruma hiyo. Haya, osheni neli."