Nimegonga gari aina ya Noah pale Mlandizi, nikaletewa bili ya milioni 4.1

Nianze na kosa langu kabisa maana sitaki mtu aje aseme nimeficha. Jumapili ile tunatoka Morogoro kwenye harusi ya mdogo wangu, tuko wanne ndani ya IST ya kukodi, tumefika Mlandizi foleni inaenda inasimama, inaenda inasimama, Noah ya mbele ikakanyaga breki mimi nikachelewa. Nikaigonga nyuma. Haikuwa spidi, hata begi la mama lililokuwa kiti cha nyuma halikudondoka, ila taa ya kushoto ilipasuka, shoo (ile grili ya mbele) ikavunjika, bampa likaachia upande mmoja na boneti ikajikunja kwenye ncha kama kona ya daftari.

Trafiki walikuwa karibu, wakapima, wakachora, nikaandikiwa faini ya 30,000 na sikubisha. Yule mzee mwenye Noah Mungu ambariki sana, taa yake ya nyuma ilikuwa imepata ufa tu, akasema mwanangu hayo mambo ya bima yatanizungusha, nipe 70,000 nikanunue taa. Nikampa, tukaandikiana palepale mbele ya askari. Gari iliwaka, maji hayavuji, tukafunga bampa kwa kamba tukafika nayo Dar usiku.

Kesho yake nikairudisha. Nilikuwa nimekodi 80,000 kwa siku na kuacha dipoziti ya 300,000. Siku ya kuchukua nilimuuliza yule kaka wa ofisini, ikitokea ajali inakuwaje, akanijibu "dada yangu usiwe na hofu, gari zetu zote zina bima kubwa." Nikasaini. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza kurasa 3, nilisoma ya kwanza tu, na hilo linaniuma mpaka leo. Sasa hii siku ya kurudisha huyohuyo kaka akaizunguka gari mara mbili hasemi kitu, akapiga picha, akaniambia nitapigiwa.

Siku ya 4 ikaingia proforma, yaani makadirio ya gharama, WhatsApp. 4,100,000. Ilibidi nikae chini. Bampa jipya, taa mbili, boneti mpya, fenda ya kushoto, rejeta, rangi, ufundi, alafu chini kabisa siku 14 gari kutofanya kazi mara 80,000, yaani hiyo peke yake 1,120,000. Na ujumbe kwamba nisipolipa ndani ya wiki wanaenda polisi. Mimi ni mwajiriwa wa kawaida, hiyo hela sina, na mama ndo alikuwa ameshaanza kusema auze kiwanja chake cha Bagamoyo nisije nikalala ndani.

Kaka yangu ndo aliyenituliza. Akasema usimpigie mtu yeyote sasa hivi, kaangalie bima kwanza. Picha ya stika nilikuwa nayo kwasababu trafiki aliitaka. Kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, mtandaoni unaweka namba ya gari inakuonyesha bima yake ni ya aina gani na inaisha lini. Ikaja: thadi pati, yaani inamlipa uliyemgonga tu na sio gari yenyewe, matumizi binafsi. Hapo ndo nikakumbuka kwamba plate namba ya ile gari ni ya njano. Gari za biashara kwetu zinavaa nyeupe, njano ni ya mtu binafsi, nimekaa nayo siku tatu nzima naiona na sijawaza hata mara moja. Kwa hiyo bima kubwa niliyoambiwa haipo, na hata kama ingekuwepo, kampuni ya bima ikigundua gari ya matumizi binafsi inakodishwa ina sababu kabisa ya kugoma kulipa. Ingekuwa na bima kubwa kweli, kwa kawaida mimi ningebeba ile eksesi tu, yaani kile kiasi cha kwanza ambacho bima hailipi, na bima ingebeba inayobaki. Wao walikuwa hawana wa kumdai zaidi yangu, basi wakanidai mimi kila kitu.

Nikaomba kwenda kuiona gari nikiwa na fundi wangu. Wakakataa. Nikaomba tena kwa meseji, nikaandika kabisa kwamba sikatai kulipa, nataka kuona ninacholipia. Nashauri sana hayo maneno uyaandike sio uyaseme kwenye simu. Wakakubali siku ya 6.

Fundi wangu ni mzee anayetengeneza gari ya baba tangu tuko shule. Hakuanza na mbele palipogongwa, alichuchumaa kwenye fenda, akawasha tochi ya simu, akapitisha kidole gumba taratibu kwenye ule mbonyeo. Akaniita, dada njoo uone. Rangi ilikuwa imenyanyuka, akaigusa kwa ukucha ikabanduka kipande, chini yake kuna puti (ile dawa ya kuzibia mbonyeo) nene ya kijivu na chini ya puti kuna kutu, kutu ya kahawia iliyoshakula bati mpaka limekuwa na vishimo. Akasema kutu hii sio ya siku 6, hii imeona masika mawili. Alafu akafungua boneti, rejeta kavu, mapezi yake yote yamenyooka na yana vumbi la zamani, maji yako pale pale kwenye alama. Taa ya kulia nzima, imefifia tu kama taa za IST nyingi za umri ule. Boneti yenyewe akasema inanyooshwa, kwanini inunuliwe nyingine.

Usiku nikatafuta kwenye simu video niliyomtumia dada yangu siku nachukua gari, nilimrekodia ili ajue tunakuja na gari gani, sekunde 47 tu nimeizunguka. Kwenye sekunde ya 31 fenda ya kushoto ile hapo na mbonyeo wake, kabla sijawasha hata injini. Nililia jamani. Sio kwa sababu ya fenda, ni kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujiuliza labda kweli ni mimi.

Jumamosi tukaenda na fundi Ilala pale Shaurimoyo kuulizia bei za spea used, maana gari ya miaka ile hata wao hawafungi mpya. Bampa 150,000, taa moja 130,000, shoo 60,000, na kunyoosha boneti pamoja na rangi gereji mbili tofauti zilinipa 300,000. Jumla 640,000. Nikawatumia hizo bei zote pamoja na video, na swali moja: naomba risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za vitu mlivyonunua. Proforma ni makadirio tu, mtu yeyote anaweza kuandika tarakimu anazotaka, ila risiti ya EFD ina namba ya kuhakiki na unaiangalia TRA. Kimya siku mbili.

Kuhusu zile siku 14 hata sikuhangaika sana. Siku ya 11 tangu niirudishe kaka yangu aliikuta gari ile sheli ya Mwenge inajaza mafuta, boneti imeshapakwa rangi, ndani wana mtu na familia yake. Akapiga picha namba. Fundi alikuwa ameshaniambia kazi ile haizidi siku 5 gereji, nikawaandikia nitalipa siku 5, 400,000, kwasababu hizo kweli gari ilikaa bila kazi na aliyesababisha ni mimi. Ukijumlisha 1,040,000, toa dipoziti yangu 300,000, inabaki 740,000.

Yule kaka wa ofisini akanijibu kwamba mwenye gari hataki kusikia. Nikasema basi naomba nionane na mwenye gari.

Na hapa ndo sikutegemea. Kumbe gari sio ya ofisi, ni ya mama mmoja mtu mzima, mstaafu, amewapa wamkodishie wanagawana. Alikuja na mkoba wake na daftari la mahesabu. Nikamwamkia, akaitikia, akaniangalia muda, akasema "mwanangu, mimi nimeambiwa wewe umegoma kulipa kabisa na hupokei simu." Nikamfungulia meseji zangu zote kuanzia ya kwanza akazisoma mwenyewe polepole, miwani puani. Habari ya bima kubwa ndo ilimshtua zaidi, akamgeukia kaka wa ofisini akamuuliza umewaambia watu wangapi hivyo. Hakujibiwa.

Tulimaliza ndani ya nusu saa. Nimemlipa yeye moja kwa moja 740,000 kwa simu, tumeandikiana hatudaiani, amesaini, nimesaini, kaka yangu shahidi. Wakati tunaagana akanishika mkono akaniomba nimtumie ile video ya sekunde 47. Anasema hiyo fenda mwaka jana aliambiwa mteja mmoja ameigonga na amegoma kulipa, akaitengeneza kwa hela yake ya pensheni, na sasa anataka kumtafuta huyo mteja amuulize kama kweli hakulipa.