Choya, Maji ya Bomba na Ukoko wa Birika

Kongamano la walimu wa sayansi wa shule za msingi lilifanyika Dodoma, mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Siku ya kwanza ilikwenda kwa hotuba. Kilichonibaki moyoni ni asubuhi ya siku ya pili, kipindi cha asidi na besi, kwa sababu jaribio liliharibika mbele ya walimu zaidi ya arobaini na mwezeshaji hakutaka kulificha.

Kipindi kilihusu choya, ile rosela kavu inayouzwa sokoni kwa ajili ya juisi. Shule nyingi hazina litmasi, ile karatasi ya kutambua asidi na besi kwa kubadilika rangi, na rangi nyekundu ya choya hufanya kazi hiyo vizuri. Mwezeshaji alipima gramu 10, yaani kiasi cha kujaa kiganja, akamimina mililita 250 za maji yaliyochemka, akafunika kwa dakika 15, kisha akachuja kwa chujio la chai. Mezani alipanga glasi nne, kila moja ikiwa na mililita 20 za maji ya bomba. Ya kwanza alitia ndimu, ya pili siki, ya tatu magadi. Ya nne aliiacha na maji matupu, iwe ya kulinganishia. Kwa bomba la sindano lililotolewa sindano, alidondosha matone matano ya choya katika kila glasi.

Ndimu na siki zikawa nyekundu. Magadi yakawa kijani. Lakini glasi ya maji matupu, iliyotarajiwa kubaki na wekundu hafifu, ikageuka buluu iliyofifia, ikielekea kijani.

"Basi maji ni besi," akasema mwalimu mmoja wa mstari wa mbele. Hakuwa anatania. Mtoto wa darasa la sita angesema vivyo hivyo, na angekuwa na haki, kwa kuwa ndicho alichokiona.

Mwezeshaji aliweka chini bomba la sindano. "Walimu wenzangu, kuna vitu vitatu hapa: choya, glasi na maji. Kipi kimetuponza?"

Choya ilitoka katika chombo kimoja na glasi nyingine zilikwenda sawa, kwa hiyo tuliiacha. Tukaanza na glasi, kwa kuwa sabuni ya vyombo isiposuuzwa vizuri hugeuza rangi upande wa kijani, na kosa hilo hutokea sana darasani. Ilisuuzwa mara tatu, ikarudiwa kwa maji yale yale. Buluu ile ile. Tukabadilisha maji, tukatia ya chupa ya kunywa: zambarau. Yalibaki maji.

Maji mengi ya mji wa Dodoma hutoka visima virefu vya Makutupora, na wenyeji husema yana chumvi. Maji ya chini ya ardhi hupita kwenye miamba yakabeba kalsiamu, magnesiamu na baikaboneti, na baikaboneti ndiyo huyavuta upande wa besi. Ukiweka choya nyingi huoni kitu, maana choya yenyewe ni asidi na huizidi nguvu. Ukiweka matone machache, maji hushinda. Maji ya chupa nayo yana madini, ila kidogo.

Wakati wa chai ya saa nne tuliingia jikoni. Mwezeshaji alimwomba mama mpishi sufuria kubwa, akatia maji ya bomba kimo cha vidole viwili, akaweka bakuli zito katikati, akafunika kwa mfuniko uliogeuzwa, kishikio kikining'inia juu ya bakuli, na juu ya mfuniko akamwaga maji baridi. Mvuke ulipanda, ukapoa kwenye mfuniko, ukashuka kwa kishikio hadi bakulini. Moto uwe wa wastani, maana ukizidi, maji yanayochemka huruka ndani ya bakuli na kazi yote huharibika. Kabla chai haijaisha tulikuwa na maji ya kutosha. Matone matano ya choya yakatoa waridi hafifu kabisa. Hapo alitukazia jambo ambalo mabango mengi ya darasani hayalisemi: waridi hilo linatokana na ukali wa choya yenyewe, kwa hiyo mwanafunzi alinganishe kila glasi na hii, asihukumu kwa jina la rangi peke yake.

Mwalimu mmoja akauliza kwa nini vipande vyake vya karatasi iliyochovywa kwenye choya hugeuka buluu kabla ya kutumika. Alikuwa akikata karatasi za kudurufu. Nyingi za karatasi hizo huchanganywa na kalsiamu kaboneti kiwandani ili ziwe nyeupe, hivyo nazo huvuta upande wa besi. Tishu nyeupe ya kawaida inafaa zaidi, ila ianikwe kivulini, kwa sababu jua huifuta rangi.

Tulipokuwa tukitoka, mama mpishi alitushikia birika lake la kila siku. "Je, na huu ukoko nao ni hayo hayo?" Ndani lilikuwa na tabaka jeupe, gumu. Mwezeshaji alikwangua kidogo kwa kijiko, akauweka kwenye sahani, akakamulia ndimu. Ukoko ukaanza kutoa povu, na walimu waliokuwa wameshafika mlangoni wakarudi kuinamia sahani.