Nilivyodhibiti Kiungulia cha Usiku

Kiungulia changu kilikuwa cha usiku. Mchana nilikula na kufanya kazi bila shida, lakini nikishajilaza, moto ulipanda kifuani hadi kooni na kuniachia maji machungu mdomoni. Daktari alinipima, akaniandikia dawa ya kupunguza asidi kwa muda, kisha akanieleza safari ya chakula mwilini. Kwangu mimi, maelezo yale yalifaa kuliko vidonge.

Chakula kikimezwa hupita katika umio, mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25, unaokisukuma kwa kujibana na kulegea kwa zamu, ndiyo maana mtu huweza kumeza hata akiwa amelala. Mwishoni mwa umio pana msuli wa mviringo ambao hufunguka kukipitisha, kisha hujifunga ili asidi isirudi juu. Tumbo limetandwa ute mzito unaolikinga na asidi yake lenyewe; umio haukujaliwa kinga kama hiyo, hivyo msuli ule ukilegea, umio ndio unaoungua.

Kilichonizindua zaidi ni suala la muda. Mlo kamili hukaa tumboni saa kadhaa, na wenye mafuta mengi hukaa zaidi, kwa sababu utumbo mwembamba ukishapokea mafuta hulipunguza tumbo kasi, ili nyongo na vimeng'enya vya kongosho viwahi kuyashughulikia. Kwa hiyo mlo mkubwa niliuhamishia mchana, na chakula cha jioni, kidogo na chenye mafuta machache, nikawa nakimaliza muda wa saa 3 kabla ya kulala.

Kisha nikageukia kitanda. Kurundika mito hakukunisaidia, kwani humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo. Niliweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kukainuka kama sentimita 15. Nikajizoeza pia kulalia ubavu wa kushoto, mkao ambao huiacha asidi chini ya mlango wa umio. Usingizini mate hupungua na mtu humeza mara chache, hivyo asidi ikipanda hukawia kuoshwa.

Siku hizi kiungulia hunijia kwa nadra. Hata hivyo, daktari alinionya kwamba chakula kikianza kukwama wakati wa kumeza, uzito ukipungua bila sababu, au choo kikiwa cheusi kama lami, nisihangaike na mbao wala mito, bali nirudi hospitali mara moja.