Nilivyoripoti AFCON ya 2019 nikiwa Cairo

Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, walipofuzu AFCON ya 2019, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu ile ya Nigeria mwaka 1980, niliapa kwamba safari hii sitasimuliwa. Tatizo ni kwamba redio yetu haikuwa na haki za matangazo, kwa hiyo kutangaza mechi moja kwa moja kutoka uwanjani kulikuwa marufuku. Mhariri wangu akaniuliza: "Mdogo wangu, mpira tutauona hapahapa kwenye televisheni. Wewe utatuletea nini?"

Swali hilo ndilo lililoniongoza kazi nzima. Maombi ya kitambulisho cha habari niliyatuma CAF, shirikisho la soka la Afrika, mapema, pamoja na barua ya ofisi na nakala ya pasipoti. Anayesubiri wiki za mwisho hujikuta ana tiketi ya ndege lakini hana ruhusa ya kuingia uwanjani.

Nikiwa Cairo niligundua kwamba mahali penye mali si jukwaa la waandishi. Ni ile njia yenye uzio ambayo wachezaji hupita wakitoka vyumba vya kubadilishia nguo kwenda kwenye basi. Unasimama, unanyoosha simu, unamwita mtu kwa jina. Hana lazima ya kusimama, na wengi huvaa hedifoni makusudi.

Usiku wa Juni 27, kwenye Uwanja wa 30 Juni, tulicheza na Kenya. Simon Msuva alitutanguliza, Michael Olunga akasawazisha, na dakika moja baadaye Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Tukafungwa 3-2, Olunga akimalizia la tatu dakika ya 80. Niliumia sana, lakini nilishuka mbio kabla ya msongamano. Pale chini Kiswahili kilinibeba. Waandishi wa mataifa mengine walikuwa wakitafuta Kiingereza chepesi cha kuulizia; mimi nilimwambia kila aliyepita, "Pole, kaka," au "Hongera, kaka," Mtanzania na Mkenya sawasawa. Mtu aliyechoka akisikia lugha ya nyumbani hupunguza mwendo. Wala sikuuliza "unajisikiaje". Niliuliza kuhusu tukio moja tu, kwa mfano nani alipaswa kumkaba mfungaji kwenye bao fulani. Swali la namna hiyo hupata jibu la kweli.

Mechi ilianza saa nne usiku kwa saa za Misri, saa tano kwetu. Nilipomaliza, Dar es Salaam ilikuwa imeshapita saa saba, na kipindi cha asubuhi kinaanza saa kumi na mbili. Nilikata sauti kwenye simu palepale, vipande vya chini ya dakika moja, nikavituma WhatsApp kwa intaneti ya uwanjani kabla haijazimwa. Intaneti ya hotelini sikuiamini.

Baada ya Algeria kutufunga 3-0 tukatoka bila pointi, na wenzangu wengi wakafunga mizigo. Mimi nilimwomba mhariri nibaki. Hoja yangu ilikuwa kwamba Senegal na Algeria wamevuka kutoka kundi letu, wasikilizaji wetu wamewaona wakitufunga, watataka kujua wanafika wapi. Alikubali kwa shingo upande. Julai 19 timu hizohizo mbili zikakutana fainali, Baghdad Bounedjah akafunga dakika ya pili, Algeria ikatwaa kombe kwa 1-0. Asubuhi yake kipindi chetu kilifunguliwa na sauti kutoka Cairo.