Nani Anamla Nani: Kiingereza cha Kulika na Kugongana

Nakuru, Jumatano jioni

Fundi wa tairi kando ya barabara hatosheki kusema tairi limeisha. Anapitisha kiganja juu ya mistari yake, kisha anakwambia: limelika katikati, upepo ulizidi, limelika kingo zote mbili, upepo ulipungua, limelika upande mmoja, magurudumu hayajanyooshwa. Kwake kila kulika kuna mlaji wake. Maneno ya Kiingereza yana macho hayohayo ya fundi, ila darasani mengi hupewa maana moja tu, "kuharibika", na hapo ndipo makosa huanzia.

"Erosion" lilitoka kwa kitenzi cha Kilatini cha kutafuna, na panya wanaitwa "rodents" kwa mzizi huohuo. Mlaji ni maji au upepo: humega kidogo kidogo na kwenda na alichomega. Makorongo ya Katuk-Odeyo kule Nyakach, Kisumu, ni "erosion" isiyohitaji maelezo. Neno hilo huhamia pia kwenye vitu visivyoshikika: imani, akiba, mamlaka, vyote huweza "to erode". "Corrosion" ni ndugu yake wa tumbo moja, lakini mlaji wake ni kemikali: kutu kwenye bati, asidi kwenye vichwa vya betri. Ukiandika kwamba mabati ya paa yame-"erode", msomaji atatafuta mto ulipo.

"Abrasion" ni kukwanguliwa, na wembe, "razor", unatoka ukoo huo. Hapa usahihi una uzito wa kesi. Katika fomu ya P3, ile ya polisi wa Kenya ambayo daktari hujaza majeraha, "abrasion" ni mchubuko wa juu ya ngozi. "Bruise" ni damu iliyovilia chini ya ngozi ambayo haikupasuka. "Laceration" ni ngozi iliyopasuliwa na kitu butu, kama rungu au jiwe. Jeraha la kisu, lenye kingo safi, si "laceration" hata liwe refu kiasi gani. Ni "incised wound". Anayetafsiri ushahidi akiyachanganya haya, amebadilisha silaha.

Halafu kuna "attrition", neno linalotumiwa vibaya kuliko yote. Mzizi wake ni kusugua, kusugua bila kukoma mpaka kitu kiishe. Vita vya Verdun vya mwaka 1916, vilivyochukua karibu miezi kumi, huitwa vita vya "attrition" kwa sababu vililenga kumaliza watu na nguvu za adui kuliko kuteka ardhi. Kiswahili kina jina zuri kwa hilo: vita vya kuchoshana. Tazama hiyo -ana mwishoni. Anayesugua naye analika.

Ofisini maana yake imetulia zaidi. Ni wafanyakazi kupungua kwa kustaafu, kuacha kazi au kufariki, bila nafasi zao kujazwa. Shamba la maua la Naivasha likianza mwaka na watu 210 na kumaliza na 190, bila kuajiri yeyote, wastani ni 200. Walioondoka 20 ukigawanya kwa 200, unapata kiwango cha "attrition" cha asilimia 10. Wengi hugawanya kwa idadi ya Januari, na jibu hupotoka. Kosa kubwa zaidi ni kuwaita waliopunguzwa kazi "attrition". Hao ni "redundancy", na kwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 40, wanadai malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka waliomaliza kazini. Anayestaafu hadai malipo hayo. Neno moja likibadilishwa kwenye ripoti, pesa ya mtu inapotea.

"Wear and tear" huonekana kwenye mikataba ya nyumba za kupanga. Rangi iliyofifia, sakafu iliyosuguliwa na nyayo, bawaba iliyolegea: hayo ni ya mwenye nyumba. Kioo kilichovunjwa au sinki lililopasuka ni la mpangaji, na ndipo dipoziti hukatwa. Kwa matamshi, "tear" hii huenda na "bear" na "care". Ukiitamka kama "dear" umetaja chozi.

Upande wa ugomvi, "friction" ni msuguano na "conflict" ni mgongano, karibu neno kwa neno na Kilatini chake. Waswahili na Warumi waliona picha moja. Ila angalia mkazo: "conflict" ikiwa nomino huubeba mwanzoni, ikiwa kitenzi huubeba mwishoni. Sisi tuliozoea mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho tunautia mwanzoni kila mara.

"Fray" nalo ni maneno mawili yaliyovaa shati moja. La kwanza ni ugomvi, "to join the fray", na asili yake ni hofu na kuvunjika kwa amani. La pili ni kuchakaa kwa pindo la nguo au kamba, na linatoka kwenye kusugua. Hayana undugu.

Lililo zito huku kwetu ni "clash". Ratiba za mitihani zikiangukia saa moja, zime-"clash", na hapo neno halina tatizo. Lakini tangu mapema miaka ya 1990, "clashes" ndilo jina la machafuko ya kikabila yaliyotokea Molo na kwingineko katika Bonde la Ufa, na hata tume ya Jaji Akiwumi ya 1998, iliyoyachunguza, ilibeba "Tribal Clashes" katika jina lake. Neno hilo linadai pande mbili zilizokutana njiani, kila moja na nguvu zake. Kiswahili hakikuruhusu kujificha hivyo: wamepigana, au wamevamiwa, au wamefurushwa, kiambishi kinaonyesha kama watu walitendana au walitendwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika "clash", uliza nani alifika na panga na nani alikuwa amelala nyumbani. Pande mbili zikiwa zimejiandaa, liandike. Upande mmoja ukiwa kitandani, andika "attack". Na nyumba zikichomwa ili watu wahame, andika "eviction by violence", hata kama kichwa cha habari kitakuwa kirefu.